Nimeificha kadi ya mkopo, na mke wangu hataki kusikia neno deni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Kwa Mrombo hapa Arusha. Nafanya kazi katika ofisi ya kampuni ndogo ya utalii, upande wa kuwawekea wageni nafasi hotelini na kupanga magari. Mshahara wangu ni 1,300,000 na unapitia benki. Mke wangu anauza nguo za watoto za mtumba pale Samunge.

Mwaka jana mwezi wa tisa afisa wa benki alikuja ofisini akatuambia baadhi yetu tumefuzu kupewa kadi ya mkopo. Mimi nilipewa yenye kikomo cha milioni tatu. Alisema nina hadi siku 50 za kutumia bila riba. Kaka yangu yuko Houston, Marekani, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila tukiongea ananiambia mtu asiye na kadi hajaanza maisha. Nikajaza fomu, na nyumbani sikusema.

Sikusema kwa sababu ya mama mkwe. Zamani alichukua mkopo wa marejesho ya kila wiki, huu ambao siku hizi tunauita kausha damu. Wiki tatu zikampita. Walikuja na kirikuu hadi Machame, wakapakia makochi na ng'ombe wa maziwa, majirani wakiangalia. Mke wangu alikuwa kidato cha pili, ameshika ndoo ya majani mkononi. Tulipooana aliniambia kitu kimoja tu: ndani ya nyumba hii deni lisiingie.

Sasa Shangazi, deni limefika 2,400,000. Laki tisa ni za Desemba. Unajua mambo ya kwenda nyumbani, mafuta, mbuzi, mabati ya jiko la mama, na watoto wa ndugu wote wanakuangalia wewe unayetoka mjini. Laki saba ni ada ya Januari, nilizitoa ATM kwa kadi ile ile. Laki sita ni za bosi. Alikuwa na mgeni wa haraka, hoteli inataka kadi, akaniambia weka kwenye yako nitakurudishia. Hadi leo ananiambia wageni hawajamaliza kulipa. Zilizobaki ni riba na makato.

Aprili na Mei tulilipwa nusu mshahara kwa sababu ya masika, wageni hakuna. Nimekuwa nikilipa kile kiwango cha chini, 120,000, na kila mwezi nikiangalia ni kama sijalipa kitu. Riba yao ni asilimia 3 kwa mwezi. Taarifa za benki nazificha kwenye droo ya ofisini.

Nina akiba ya laki nane kwenye SACCOS, na wanaweza kunikopesha mara tatu yake kwa asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani riba inahesabiwa kwa deni lililobaki tu. Lakini fomu yao inataka sahihi ya mke. Ndiyo maana nimeanza kuangalia mikopo ya kwenye simu, ile ya kupakua programu na kupata hela dakika tano. Nifanye ipi ili nimalize hili kabla hajajua? Na kati ya kaka yangu na mke wangu, nani anasema kweli?

Baba Wawili, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako mara mbili na nikakaa kimya kidogo. Hizo laki tisa za Desemba nazijua. Nimezaliwa Kibosho, najua barabara ya kutoka Arusha inavyojaa tarehe 22 na 23, na najua uzito wa kushuka kwenye gari mikono mitupu. Sitakusema kwa hilo.

Nianze na hizo programu za mikopo. Usiziguse. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni, na waliozitumia wanajua zilivyowafanya. Unapoipakua unairuhusu isome majina yaliyomo kwenye simu yako. Siku ukichelewa, ujumbe unakwenda kwa mchungaji wako, kwa bosi wako, kwa shemeji zako Machame, kwamba wewe ni tapeli. Wewe unatafuta siri, na huko ndiko siri inakofia. Kabla ya kuchukua shilingi kwa mkopeshaji yeyote wa simu, uliza kwanza kama ana leseni ya Benki Kuu.

Sasa kadi. Chukua karatasi na kalamu, tufanye hesabu ambayo yule afisa hakuifanya mbele yako. Deni ni 2,400,000. Asilimia 3 yake ni 72,000. Ukilipa 120,000, elfu 72 zinakwenda kwenye riba, na deni linapungua kwa elfu 48 tu. Hujakosea kuona kama hujalipa kitu. Na kwa kuwa kile kiwango cha chini ni asilimia 5 ya salio, deni likipungua na chenyewe kinapungua, kwa hiyo mwendo unazidi kuwa wa kinyonga. Nimekupigia hesabu hadi deni lifike nusu: ukiendelea hivyo bila kuchanja kadi hata mara moja tena, itakuchukua karibu miaka mitatu deni kufika 1,200,000. Kufikia hapo utakuwa umelipa riba 1,800,000, na bado unadaiwa 1,200,000. Kiwango cha chini kinakulinda usihesabiwe kuwa umeshindwa kulipa. Hakikuwekwa ili umalize deni.

Zile siku 50 nazo hukuelezwa zote. Ni za mtu anayelipa bili yake yote, hadi shilingi ya mwisho, tarehe ikifika. Ukibakiza, kwa kadi nyingi siku hizo zinaondoka hata kwa vitu vipya unavyonunua, na riba inaanza siku ile ile. Na fedha taslimu za ATM hazikuwahi kuwa na siku hizo kabisa. Uliposimama pale kwenye mashine Januari ukatoa laki saba za ada, ulikatwa ada ya kutolea na riba ikaanza kuhesabiwa kabla hujafika shuleni. Kati ya makosa yako yote hilo ndilo la gharama kubwa, na ulilifanya kwa nia njema. Mwalimu mkuu angekubali barua ya kulipa kwa awamu tatu. Nimewaona wengi wakikubali.

Laki sita za bosi zinaniuma kuliko za kwako. Mwanangu, kampuni imekopa kwa jina lako, riba unalipa wewe, na mkeo hajui. Kesho andika barua fupi ya heshima: tarehe, jina la hoteli, kiasi, na riba iliyokwisha kukatwa juu ya kiasi hicho. Ambatisha ukurasa wa taarifa ya benki. Omba akulipe, au akuongezee kwenye mishahara ya Julai na Agosti, wakati magari yote yako porini na hela inaingia. Usimsubiri kwenye korido. Na akija tena na mgeni wa haraka, mwambie kikomo cha kadi kimepunguzwa. Litakuwa kweli, utaona hapa chini.

Umeniuliza nani anasema kweli kati ya kaka na mke.

Kaka anasema kweli ya Houston. Marekani mtu ana alama yake ya ukopaji, inayotumika zaidi inaanzia 300 na kuishia 850. Mwenye nyumba anaiangalia kabla ya kukupangisha, na muuza gari naye vilevile. Mtu asiyewahi kukopa hana alama, na asiye na alama anateseka. Kadi kule ni njia ya kujulikana. Wewe mwenye nyumba wako Kwa Mrombo alikuuliza alama gani? Alikuuliza kodi ya miezi sita. Siyo kwamba hapa hakuna kumbukumbu. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, zipo taasisi zenye leseni ya kuzitunza, na benki hupeleka humo habari za anayelipa na asiyelipa. Siku ukitaka mkopo wa kujenga watakuangalia. Kwa hiyo tarehe ya malipo uiheshimu kweli kweli. Lakini hilo ni jambo la kulipa vizuri ulichokopa, na unaweza kulifanya kwa mkopo mdogo wa SACCOS bila kuwa na kadi.

Kuna jambo moja la historia ambalo kaka yako hakukwambia. Kadi ya Diners Club, iliyoanza New York mwaka 1950, ilimtaka mwenye nayo alipe bili yote mwezi ukiisha. Ilikuwa ya urahisi tu, ule hotelini bila kubeba mabunda ya noti. Mtindo wa kubakiza deni na kulibeba mwezi hadi mwezi kwa riba ulienea na kadi ya BankAmericard, iliyoanzia mji wa Fresno, California, mwaka 1958, na mwaka 1976 ikabadilishwa jina kuwa Visa. Ukitaka kadi ikufae, itumie kama ile ya 1950. Chanja kile tu ambacho hela yake unayo tayari, au unajua tarehe na mkono itakakotoka.

Na mkeo? Mkeo ana haki ya kuogopa. Aliyeona ng'ombe wa mama yake akipandishwa kirikuu hahitaji somo la asilimia kutoka kwangu. Lakini nitakwambia kitu, na ukitunze moyoni usije ukamrushia usiku mkigombana: mkeo anaishi na deni kila wiki. Pale Samunge nani analipa belo zima taslimu? Anachukua kwa mali kauli, anauza, Jumamosi anapeleka hela ya watu. Akiwa kwenye mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu na jina lake likatoka la kwanza, zile laki ni mkopo kutoka kwa wanawake wenzake kumi na moja. Yeye haiti deni. Anaita uaminifu, na hakosei, kwa sababu anapochukua belo anajua nguo zipo, wateja anawajua kwa sura, na anajua ni siku gani atalipa. Mama yake alichukua hela akitumaini kwamba itapatikana.

Tofauti ninayoiona mimi iko hapo. Kukopa na kutokukopa si jambo moja linalokatwa kwa panga. Kuna kukopa huku unaiona hela ya kulipa, na kuna kukopa huku unaiombea.

Na hata ukiiona, iangalie mara mbili. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Chama cha msingi kilimpa mrututu na dawa nyingine kwa mkopo, ikakatwa kwenye malipo ya kahawa. Kwa miaka mingi ilikwenda sawa, maana kahawa ipo mtini inaonekana, na deni lake ni sehemu ndogo ya mavuno. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, bei ya dunia ikaporomoka. Kahawa ilikuwa pale pale mtini, nyekundu, nzuri. Hela ndiyo haikuwepo. Nakumbuka baba amekaa kwenye kigoda nje, ana karatasi ya makato mkononi, na mama amemsimamia kando bila kusema. Kilichotuokoa ni kwamba mama alijua kila shilingi ya deni lile tangu siku lilipochukuliwa. Alikuwa ameshaanza kuuza ndizi Kiborloni kabla baba hajamwambia mambo ni mabaya.

Kazi yako wewe ni kama kahawa ile. Mshahara unaonekana kila mwezi, lakini Aprili na Mei mvua inaukata katikati, na mwaka 2020 sote tuliona ndege zilivyosimama na magari ya watalii yakapaki vumbi. Mtu wa utalii asipange deni lake kwa mshahara wa Agosti. Alipange kwa mshahara wa Mei.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda SACCOS. Milioni mbili na laki nne kwa asilimia 1.5, salio likipungua, kwa miezi kumi na miwili, ni kama 220,000 kila mwezi, na riba yote hadi mwisho ni kama 240,000. Linganisha na ile milioni moja na laki nane ya kufikisha nusu tu. Bosi akirudisha laki sita kabla hujajaza fomu, utakopa 1,800,000 na rejesho litashuka hadi kama 165,000. Kuanzia Julai hadi Oktoba, zile posho za msimu zikiingia, weka pembeni marejesho mawili kamili. Hayo ni ya Aprili na Mei, usiyaguse Desemba hata mama akikupigia simu kuhusu mabati. Mama umpigie mapema, mwezi wa kumi, umwambie mwaka huu utakuja na sukari, mchele na watoto. Atafurahi kuwaona watoto. Na kama SACCOS watachelewa, lipa 300,000 kwenye kadi kila mwezi badala ya 120,000, na kwenye malipo ya kumi deni litakuwa limekwisha kwa riba isiyofika laki nne. Ni ngumu kwa mshahara wako, lakini inawezekana kwenye msimu.

Siku ile ile SACCOS watakapolipa, andika barua benki wakupunguzie kikomo kutoka milioni tatu hadi laki tano. Hapo ndipo utamwambia bosi kikomo cha kadi kimepunguzwa. Usiache kikomo cha milioni tatu kikikukodolea macho. Nimeona watu wakikopa SACCOS kulipa kadi, na Desemba wana madeni mawili.

Sikwambii uikate kwa mkasi. Kazi yako ina mahali ambapo kadi ya mkopo inafaa: hoteli inayotaka kushikilia dhamana, tiketi ya ndege, malipo ya mtandaoni. Ukinunua kitu kisifike, unapinga malipo wakati hela inayogombaniwa ni ya benki. Kwa kadi ya ATM ya akaunti ya mshahara, inayogombaniwa ni ada ya watoto wako. Angalia tu bei za dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na kitu, katikati ya 2024 ikavuka 2,600, na benki huongeza chake kwenye kubadilisha. Ukiona laki tano nazo zinakushinda kuzilipa zote tarehe ikifika, miezi miwili mfululizo, basi wewe si mtu wa kadi. Irudishe, ufunge akaunti yake kwa maandishi. Hakuna aibu, wapo wengi wanaoishi vizuri kwa kadi ya kujaza hela kwanza.

Imebaki ile sahihi ya mke, ambayo wewe unaiona ni ukuta. Mimi namshukuru aliyeiweka kwenye fomu.

Usimwambie akitoka sokoni amechoka, wala mbele ya watoto. Mwambie Jumapili jioni mkiwa wawili. Usianze na kaka wa Houston, wala na bosi, wala na mvua. Anza na kwamba ulimficha, tangu mwezi wa tisa. Halafu mpe kiasi chote, 2,400,000, kwa mara moja. Ukimpa kidogo kidogo, laki tisa leo na laki saba kesho, kila sehemu itakuwa uongo mpya. Atalia, au atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko utakakoona kurefu. Huenda akaenda kwa mama yake siku mbili. Mwache aende, na wewe umpeleke mwenyewe hadi stendi. Hasira yake ni ya haki, mwanangu, isubiri.

Akirudi kwenye mazungumzo, mwombe afanye hesabu na wewe. Mtu anayejua kulipa belo la mali kauli kila Jumamosi bila kukosa anaweza kuwa mlipaji mzuri wa deni kuliko wewe na mimi. Mwachie yeye daftari la marejesho.

Na zile taarifa za benki zilizo kwenye droo ya ofisini, Ijumaa zitoe zote, uje nazo nyumbani.

Shangazi